Valvu ya usalama kwenye trela la tanki: maswali ya madereva, mafundi na wenye magari

Maswali haya yametoka kwa madereva wa njia ya Tunduma na ya Mombasa, matandiboi, mafundi wa gereji na mabosi wenye magari. Yamepangwa vile yalivyokuja, kwahiyo kama swali lako hulioni juu shuka chini, huenda lipo.

Hii valvu kazi yake nini hasa, mbona safari nzima haifanyi kitu?

Ndo inavyotakiwa, ikae kimya. Ndani yake kuna springi inayokandamiza kisahani kwenye kiti chake, presha ya tanki ikizidi nguvu ya springi kisahani kinanyanyuka, presha inatoka, ikishapungua springi inakirudisha. Haina umeme, haina kompyuta, haina kitufe. Ila shika hili moja maana majibu mengi ya huko chini yanarudi hapahapa: valvu haitengenezi presha na haiondoi kinacholeta presha. Ikifunguka ujue kuna kitu kingine kimekosewa, mzigo umezidi, moto uko jirani, pampu inasukuma mahali palipozibwa, au valvu yenyewe imechoka. Watu wanagombana na valvu wakati mgomvi yuko kwingine.

Valvu ya tanki la petroli naweza kuifunga kwenye tanki la gesi? Kuna zinazofanana sura.

Hapana, na usijaribu hata kwa dharura. Tanki la petroli au dizeli halikujengwa kubeba presha. Juu ya kila chemba kuna brivza yake, yaani valvu ndogo ya kupumulia, mara nyingi iko kwenye mfuniko wa manholi, ule mdomo wa juu ya tanki, na inafunguka kwa presha ndogo sana. Kwa matanki ya Kimarekani ya DOT 406 brivza ya kawaida inaanza kufunguka kwenye psi 1 hivi, yaani bar 0.07 (psi na bar vyote ni vipimo vya presha). Alafu kuna ile kubwa ya dharura kwa ajili ya moto. Tanki la gesi la kupikia aina ya MC 331 mara nyingi limejengwa kwa psi 250, ni kama bar 17, na valvu yake inafunguka hapo. Bulka la simenti lipo katikati, bar 2 hivi. Sasa chukua valvu ya psi 250 uiweke kwenye tanki la petroli, tanki litapasuka zamani valvu bado imelala. Soma kibati cha tanki alafu soma kibati cha valvu, namba ziongee lugha moja. Valvu isiyo na kibati au kibati kimesuguliwa na grainda, usinunue hata ukipewa kwa bei ya chai.

Tanki la petroli likikaa juani linapumua na kunuka, ni ubovu?

Kupumua siyo ubovu. Petroli inavimba karibu asilimia 0.12 kwa kila nyuzi moja ya joto, kwahiyo lita 36,000 zikipata joto la nyuzi 10 zaidi zinaongezeka kama lita 430. Na mvuke nao unaongezeka. Ndo maana depo hawajazi mpaka mdomoni, lazima ibaki nafasi juu. Ukiona brivza inatoa mafuta yenyewe, siyo mvuke, hapo umejaziwa kupita kiasi au mpira wa ndani umekufa, na hiyo siyo ya kusema tutaangalia tukifika.

Kuna kitu kingine madereva wengi wanakiona ila hawajui sababu yake. Ukitoka Dar ukapanda Kitonga mpaka Makambako umepanda zaidi ya mita 1,600, hewa ya huko ni nyepesi, presha ya nje inashuka kama bar 0.18 ukilinganisha na pwani. Brivza inafunguka kwenye 0.07. Kwahiyo hata bila jua, hata usiku wa baridi, tanki lazima litoe pumzi kidogo kidogo njiani likiwa linapanda. Anayetoka Mombasa kwenda Eldoret anapita Timboroa, juu zaidi ya mita 2,600, kwake ndo inapumua zaidi. Kwahiyo usipaki mlimani karibu na mama anayechoma mahindi ukasema gari langu halivuji. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka chini unatambaa kwenye mtaro mpaka ukutane na mkaa.

Na wakati wa kurudi tupu je?

Hapo ndo patamu, na ndo pamesahaulika. Brivza ina pande mbili, moja inatoa presha, nyingine inaingiza hewa. Unashuka kutoka Makambako na tanki tupu lililofungwa, hewa ya ndani ni ile nyepesi ya mlimani, ya nje inazidi kuwa nzito kadri unavyoteremka. Upande wa kuingiza hewa ukiwa umeganda kwa vumbi na mabaki ya dizeli, ukifika Mikumi kila mita moja ya mraba ya bati la tanki imebebeshwa zaidi ya tani moja kutoka nje. Tanki la aluminiamu haliwezi hiyo kazi. Linabonyea kama chupa ya maji ya plastiki uliyoifyonza, na fundi wa bodi atakwambia ni ajali wakati ni brivza.

Kwenye matanki yale ya DOT 406 upande wa kuingiza hewa unatakiwa ufunguke mapema mno, aunsi 6 kwa inchi ya mraba, hata nusu psi haifiki. Kidole kikisukuma kile kisahani lazima kicheze laini na kirudi chenyewe. Kikikwama, gari lisitoke.

Tanki letu lilibonyea likiwa yadi, halijaenda popote. Nani wa kulaumiwa?

Angalia vitu vitatu. Cha kwanza, je liliogeshwa kwa stimu? Stimu ikijaa ndani, mkafunga manholi, mvua ikapiga au mkamwagia maji ya baridi nje, stimu inageuka matone ya maji ndani ya sekunde chache na hakuna kilichobaki cha kushikilia bati. Matanki ya maziwa na ya mafuta ya kula yanakufa sana hivi. Osha manholi ikiwa wazi, iache wazi mpaka bati lipoe kabisa.

Cha pili, lilipakwa rangi? Mafundi rangi wanafunika brivza kwa nailoni na selotepu, kazi nzuri tu, ila wakimaliza wanasahau kutoa. Au hawakufunika kabisa wakapulizia rangi mpaka ndani ya vitundu. Zote mbili jibu ni moja.

Cha tatu, mlishusha mzigo kwa pampu kali huku juu kumefungwa? Ukiona kwenye sheli mafuta yanashuka kwa kusuasua, yanagugumia, alafu tandiboi anapanda kufungua manholi ili "lipate hewa", hapo brivza au ile valvu ya juu inayofunguliwa na upepo mnaposhusha haifanyi kazi. Kufungua manholi kunaondoa dalili tu, na kunamwaga mvuke wa petroli katikati ya sheli yenye pikipiki zinazowashwa.

Valvu ya tanki la gesi imeanza kulia njiani, nifanye nini?

Kwanza tulia ujue kwanini swali hili ni zito. Propani tupu kwenye joto la nyuzi 38 ina presha ya bar 12 hivi. Gesi yetu ya kupikia imechanganywa na butani ambayo presha yake ni ndogo zaidi. Valvu inafunguka kwenye bar 17. Yaani jua la Dar, hata la Dodoma mwezi wa 10 au la Voi, peke yake halitoshi kuifungua kama tanki limejazwa sawasawa. Kwahiyo ikilia siku ya kawaida sababu ni mojawapo ya hizi: umejaziwa kupita kiasi, kiti cha valvu kimeharibika, au kuna joto usilolijua, kwa mfano breki zimeng'ang'ania na matairi yanaungua huko nyuma.

Kujaziwa kupita kiasi ndo kubaya kuliko vyote. Gesi ya maji, yaani ile iliyo kimiminika ndani ya tanki, inavimba sana, ndo maana tanki linajazwa kama asilimia 85 tu, wakati mwingine chini ya hapo kutegemea mchanganyiko. Ile nafasi ya juu ikiisha na tanki likajaa maji tupu ya gesi, kila nyuzi moja ya joto inapandisha presha kwa bar kadhaa. Asubuhi depo geji ilikuwa sawa, saa 7 mchana uko Chalinze valvu inapiga filimbi.

La kufanya: ondoka kwenye watu kama gari linaweza kusogea salama, paki sehemu ya wazi, siyo kwenye bonde wala karibu na mtaro, zima injini, zima switi kuu ya betri, weka vizuizi barabarani mbali. Angalia upepo unakotoka ukae upande huo. Simu piga ukiwa mbali, Tanzania zimamoto ni 114, Kenya piga 999 au 112. Usipande juu ya tanki. Usiigonge na nyundo. Usiifunike na tambara la maji. Usiinamie kuangalia, ule mlipuko wa gesi unatoka na kutu na vipande, unatoa macho.

Kama hakuna moto na kuna maji ya kutosha, zimamoto watamwagia bati la tanki lipoe, hasa sehemu ya juu. Maji hayaelekezwi kwenye valvu yenyewe, gesi inayotoka ni baridi, maji yataganda pale na kuiziba.

Na kama inatoa moto?

Moto unaowaka juu ya valvu usiuzime. Najua inasikika kichaa. Ukiuzima gesi inaendelea kutoka bila kuungua, inajaa chini, inatafuta cheche, alafu inaungua yote kwa mpigo. Kama kinacholeta gesi hakiwezi kufungwa, ule moto wa juu uache uungue huku tanki linapoozwa.

Lakini kama moto unalamba bati la tanki, kazi ya dereva imeisha, kimbia na ukimbize watu. Mwongozo wa dharura wanaoutumia zimamoto wa Amerika ya Kaskazini unasema tanki la gesi likiwa ndani ya moto watu waondoke mita 1,600 kila upande. Kilomita moja na nusu na zaidi. Na dalili ya kuondoka bila kujadiliana ni mbili, mlio wa valvu unazidi kupanda, au bati linabadilika rangi.

Si valvu iko kwa ajili hiyo? Kama inafanya kazi tanki litalipukaje?

Swali zuri kuliko yote kwenye ukurasa huu. Valvu inapunguza presha, haipoozi chuma. Chini ya usawa wa gesi ya maji, bati linapoozwa na maji yale, linavumilia. Juu yake kuna mvuke tu, moto ukipiga pale chuma kinalegea ndani ya dakika chache, na chuma kilicholegea kinapasuka hata kwa presha ambayo siku zote kilikuwa kinaibeba vizuri. Na kadri valvu inavyotoa gesi, usawa wa maji unashuka, sehemu kavu inaongezeka. Likipasuka, gesi yote ya maji inageuka mvuke kwa mara moja, lita 1 ya propani ni kama lita 270 za mvuke.

Boksburg, Afrika Kusini, 24 Desemba 2022, lori la gesi lilinasa chini ya daraja fupi karibu na hospitali ya Tambo Memorial. Gesi ikavuja, ikashika moto, watu wakasogea kuangalia, tanki likalipuka. Walikufa watu 41, wakiwemo wahudumu wa hospitali. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kulinda valvu ni kujua kimo cha gari lako kabla ya daraja, maana vyote vinavyokulinda vimekaa juu mgongoni.

Hispania 11 Julai 1978, pale kambi ya watalii ya Los Alfaques, tanki la propilini lilikuwa limejazwa kupita kiasi na halikuwa na valvu ya usalama hata moja. Lilipasuka, wakafa watu 217.

Fundi kasema akaze springi kidogo ili isiwe inasumbua. Ni sawa?

Mwambie akaze nati za gurudumu. Springi imewekwa na kiwanda, ikafungwa na sili ya waya au ya risasi, na namba ikagongwa kwenye kibati. Ukikaza raundi moja hujui umeongeza psi ngapi, hakuna anayejua, hata yeye. Sili ikishakatika valvu hiyo haina cheti tena mpaka ipitie benchi la kupimia lenye geji zilizokaguliwa.

Hali kadhalika kuchomeka kijiti, kufunga na waya wa kufungia nondo, kuweka plagi "kwa muda mpaka Tunduma". Plagi ya muda inakaa miaka miwili. Anayekuja kuitoa anadhani ndo ilivyotoka kiwandani.

Dereva naweza kukagua nini mwenyewe bila vifaa?

Vingi kuliko unavyodhani, tena ndo vinavyookoa. Fanya asubuhi gari likiwa halijapata jua, tanki likiwa limetulia, na ukipanda shika reli, madereva wanaoanguka kutoka juu ya matanki ni wengi na wanaanguka gari likiwa limesimama.

Kwenye gesi, simama pembeni, kichwa kisiwe juu ya mdomo wa valvu hata sekunde. Kofia ya plastiki au mpira ipo? Inatakiwa ikae legelege ili valvu ikifunguka irushwe. Kofia iliyorushwa peke yake bila mtu kuigusa ni habari, maana yake valvu ilifunguka ukiwa hujui. Kwenye bomba la valvu chini kabisa kuna kitundu kidogo cha kutoa maji ya mvua, kama njiti ya kibiriti hivi, mara nyingi kimezibwa na tope au rangi. Kikizibwa maji yanakaa juu ya kisahani, kutu inaota, kiti kinaliwa, siku ikifunguka hairudi vizuri. Paka maji ya sabuni kuzunguka nyuzi na bezi, ukiona povu linaota, ripoti. Usikaze kitu chenye presha.

Kwenye petroli na dizeli, angalia nyigu. Sitanii, nyigu na mavu wanapenda vile vitundu, wanajenga nyumba ya udongo ndani, gari likipaki wiki mbili kusubiri mzigo unakuta brivza imegeuka kichuguu. Nyumba hiyo ya udongo inatolewa kwa mkono na brashi laini, siyo kwa bisibisi ukachana mpira. Ona pia kama kuna alama ya mafuta yaliyotiririka kutoka brivza kwenda ubavuni, mstari mweusi wenye vumbi lililoganda. Mstari huo unakuonyesha chemba ipi.

Ikaguliwe na mtaalamu kila baada ya muda gani?

Kwa sheria za Marekani, ambazo matanki mengi ya aina ya DOT na MC yamejengwa kuzifuata, ukaguzi wa nje na wa uvujaji ni kila mwaka, na kipimo cha presha cha tanki zima ni kila miaka 5 kwa mengi yake. Siku ya kipimo hicho valvu zote zinang'olewa zikapimwe benchini. Inatakiwa ifunguke siyo chini ya presha iliyoandikwa na isizidi asilimia 110 yake, alafu ijifunge bila kuvuja kabla presha haijashuka chini ya asilimia 90. Mfano valvu ya psi 250, ikifunguka kwenye 275 imepita kwa kuponea, ikifunguka 290 itupwe. Ikifunguka vizuri 255 lakini ikajifunga kwenye 200, nayo imefeli, na hili la kujifunga mafundi wengi hawaangalii.

Matanki ya Ulaya yanafuata ADR, kanuni zao za kubeba mizigo hatari barabarani, kipimo kikubwa kila miaka 6 na cha kati katikati ya hapo, mwaka wa 3. Na hata kama inafaulu benchini, springi na mpira vinazeeka, RegO wanaotengeneza valvu za gesi wanashauri isipite miaka 10 tangu tarehe iliyogongwa. Juu ya hayo yote kuna masharti ya leseni yako ya EWURA (Tanzania) au EPRA (Kenya), kinachoisha mapema ndo unachofuata.

Nina stika ya Vipimo, si inatosha?

Haitoshi. Wakala wa Vipimo wakikupimia tanki pale Misugusugu wanahakikisha lita, kwamba chemba ya lita 7,000 kweli inaingia 7,000. Hawapimi brivza yako inafunguka psi ngapi. Mabosi wengi wanachanganya hizi karatasi mbili. Ila ukikuta sili ya Vipimo iko mahali unapotaka kufungua, usiikate kimyakimya, watafute kwanza.

Gereji yetu ina kompresa ya kujazia matairi, tunaweza kupimia valvu?

Ya gesi hapana. Kompresa yenyewe inaishia bar 8 au 10, valvu yako inafunguka 17, utapima nini.

Brivza ya petroli unaweza kuangalia mwenyewe kama haijafa, ingawa hiyo haikupi cheti. Psi 1 ni sawa na maji yaliyosimama sentimita 70. Chukua mpira mwangavu, upinde umbo la U, tia maji yenye rangi kidogo, upande mmoja uunge kwenye boksi ulilofunga brivza, na boksi lipate hewa taratibu kupitia regyuleta ndogo. Maji yakitofautiana sentimita 70 hivi brivza inatakiwa ianze kupuliza. Ikianza kwenye 20 mpira umekufa au kuna uchafu kwenye kiti. Ikifika 120 bado kimya imeganda. Ni kifaa cha elfu chache na hakidanganyi kama geji iliyodondoshwa mara tano. Brivza iwe imetolewa kwenye tanki, imeoshwa, haina mvuke. Kupuliza hewa kwenye tanki lenye mvuke wa petroli ili upime brivza ikiwa juu ni kujitafutia kaburi, na kuchomelea chochote karibu na manholi kabla tanki halijasafishwa na kupimwa mvuke ni hivyohivyo.

Oringi, ule mpira wa duara wa brivza, imekatika, nimekata nyingine kwenye chubu ya tairi.

Itoe. Mpira wa chubu unavimba ukikutana na petroli, unakuwa laini kama ubuyu uliolowekwa, unang'ata kisahani, brivza haifunguki. Au inang'oka kipande kinakaa kwenye kiti, haifungi. Tumia nitraili au vaitoni ya saizi ileile iliyoandikwa na mtengenezaji, na kwa tindikali uliza kabisa maana huko hata vaitoni siyo ya kila kitu. Grisi nayo, usipake grisi ya beringi kwenye kiti cha valvu. Inakamata vumbi la Mbeya inakuwa msasa.

Sisi tuna bulka la simenti, hii inatuhusu?

Inawahusu sana, na nyie ndo mnaochezea zaidi. Blowa inasukuma hewa ndani mpaka karibu bar 2 ili simenti itoke, valvu ya usalama ipo kwenye laini ya hewa au juu ya tanki. Dereva anataka kushusha fasta arudi foleni ya kiwanda, anakaza springi au anaifunga na mpira, blowa inazidisha, simenti inatoka haraka kweli. Mpaka siku laini inaziba kwa simenti iliyoshika unyevunyevu.

Ila kinachoua zaidi kwenye bulka ni mfuniko. Mfuniko wa kipenyo cha sentimita 50, ndani kukiwa na bar 1 tu, unasukumwa kwa nguvu ya kama tani 2. Geji ikisoma 0.1, ambayo kwa geji iliyochoka unaona kama sindano iko sifuri, bado ni kilo 200 chini ya mkono wako, na wewe umesimama juu yake unafungua bolti ya mwisho. Fungua valvu ya kutoa hewa, isikilize mpaka inyamaze, iache wazi, ndo ugeukie mfuniko. Na legeza bolti zote kidogo kidogo kwanza kabla ya kutoa hata moja.

Tunabeba tindikali kwenda migodi ya Kopabelti na Kolwezi, kuna cha ziada?

Kipo. Tindikali ya salfa ikiwa kali na tanki likiwa kavu chuma kinavumilia. Ikiingia maji au unyevu inakuwa nyepesi, inakula chuma, na inatoa haidrojeni ambayo inaungua kirahisi mno. Kwahiyo tanki lililorudi "tupu" na mabaki chini linaweza kuwa na presha na gesi inayoshika moto. Fungua taratibu, uso pembeni, hakuna sigara. Matanki mengi ya hivi yana disiki nyembamba ya kupasuka chini ya valvu ili tindikali isiifikie springi, na katikati ya disiki na valvu kuna geji ndogo. Geji hiyo ikionyesha chochote juu ya sifuri, disiki imetoboka au imepasuka na valvu yako inaogeshwa tindikali.

Gari likipinduka brivza inafunga?

Brivza nzuri ina kigololi au uzito unaoziba tanki likilala, ili mafuta yasimwagike. Inapunguza, haimalizi, mifuniko inapigwa chini, bati linachanika. Msamvu, Morogoro, 10 Agosti 2019, zaidi ya watu 100 walikufa wakichota petroli ya lori lililopinduka. Sachangwan, Kenya, 31 Januari 2009, zaidi ya 100. Sange, Kivu Kusini, 2 Julai 2010, zaidi ya 200. Hakuna brivza inayoshindana na ndoo. Dereva ukitoka mzima, kazi yako ni kupiga kelele watu wakae mbali, hata wakikutukana kwamba unawanyima riziki.

Nimenunua tanki la gesi la mtumba kutoka Ulaya, silioni valvu ya usalama. Nimeibiwa?

Siyo lazima. Ulaya kwa miaka mingi sheria haikulazimisha tanki la gesi la barabarani kuwa na valvu, walitegemea kujaza kwa kipimo sahihi na unene wa bati. Joto lao siyo letu. Usimwambie fundi atoboe tanki aweke, kutoboa na kuchomelea tanki la presha ni kazi ya kiwanda chenye idhini na linapimwa upya baada ya hapo. Ongea na mkaguzi kabla hujalipia ushuru, ikiwezekana kabla halijapanda meli.

Tunafunga valvu mbili za bomba tukimaliza kushusha gesi, mpira wa kushushia unabaki umevimba. Kwanini?

Umefungia gesi ya maji katikati ya valvu mbili. Jua likipiga pale haina pa kwenda. Ndo maana kuna valvu ndogo ya usalama kwenye kila kipande cha bomba kinachoweza kufungiwa, kama kidole gumba tu, na ndo ya kwanza kusahaulika kwenye ukaguzi. Toa gesi ya maji kwenye mpira kabla ya kufunga upande wa pili.

Kofia ya valvu ya gesi imepotea njiani, nifunike na nini mpaka nifike?

Kitakachorushwa na pumzi kidogo tu, kama hauna basi iache wazi. Siyo kopo la rangi lililofungwa waya, siyo chupa ya soda iliyokazwa na mpira wa chubu, siyo tambara lililosokomezwa. Mvua ikinyesha, ukisimama angalia kile kitundu cha chini kama kinatoa maji. Kofia zinauzwa, weka mbili za akiba kwenye droo ya kabini pamoja na fyuzi.